GPS ya mara kumi kwa segonde ilinitupia mutoto mu pori

Wakuu, jambo yenu. Mimi ni mukaka, bibi ya bajukuu kenda, hapa Bulengera, Butembo. Masomo yangu ilikomea ku ya tatu primaire, mais hii niliiona na macho yangu. Siongeze chumvi.

Mujukuu wangu Masika amesoma électronique. (Ndiyo, najivuna. Nani atanikataza?) Alitengeneza GPS kadogo, akaifunga ku moto, ile pikipiki ya mutoto wangu Kambale, mwenye kupeleka bidhaa Beni. Ilikuwa inatuma alama ku telefone yetu, tuone pahali iko.

Ile barabara munaijua, batu banakamatiwa mule. Mutu akitoka, sisi tunabaki tunahesabu saa.

Masika aliiweka ipime pahali mara moja kwa segonde. Nikakataa.

"Moja tu? Weka kumi! Nataka nimuone hata akipiga chafya."

"Mukaka, hapana vile..."

"Weka!"

Akaweka.

Kambale akaenda. Kisha kupita Maboya, alama yake ku telefone ikatoka mu barabara. Ikaruka mu pori, kuume. Ikaruka kushoto. Ikarudi. Tena pori.

Nikamupigia: simu imezimika.

Nilijua batu bamemukamata, banamukokota. Nikaita jirani, tukaanza maombi, sijui hata nilisema nini kwa Mungu.

Masika akaangalia ile alama.

"Mukaka, moto gani inaruka bonde mara tatu kwa dakika moja? Hii GPS ni kadogo. Ukiiomba kumi, haina nguvu ya kusikiliza satellites zote. Inasikia chache, donc inakisia."

"Rudisha basi! Unangoja nife?"

Akatuma message ku ile GPS: moja.

Tukangoja. Alama ikatulia, ikakaa mu barabara, pale Kabasha, inaenda polepole.

Saa nane Kambale akapiga na simu ya mutu mwingine. Batterie yake ilikufa.

"Mama, niko Beni. Sasa kwa nini unalia?"

Nikamutukana kwanza.

Nilichojifunza: mashine ni kama mutu. Ukimuuliza mara kumi bila kumuacha apumue, atakujibu bovyo. Masika anasema ziko za nguvu zenye kuweza kumi muzuri. Ya kwetu hapana, na moto si avion, haikimbie kama ndege.

Nyinyi wenye kufunga GPS ku moto na gari, munaweka ngapi? Munijibu hapa. Mais mutu asiniambie niliogopa bure, kama hana mutoto ku ile barabara.