Mikono ya Kaka Nathanaeli

Kaka yangu Nathanaeli hakuwa na ugonjwa wa mikono. Nasema mapema, maana kwetu Meru kuna waliofika mpaka kusema amelogwa. Tatizo lake lilikuwa kichwani: akitazamwa, anatetemeka. Nyuma ya nyumba yetu Sokon I alichimba kashimo, na kila asubuhi alisukuma mpira wa gofu humo kwa fimbo bila kukosa. Nikifungua tu dirisha, mpira unapita pembeni. "Hanna, funga dirisha," ananiambia, kama vile mimi ndiye niliyemtuma acheze mchezo wa wakubwa.

Alijifunza mchezo huo akiwa karani wa shirika la umma, enzi zile mabosi walipotaka mtu wa kucheza naye jioni. Shirika likauzwa, tajiri mpya akapunguza watu, naye akawa wa kwanza. Akabaki na fimbo zake na familia inayomtazama. Klabu ya gofu ya mjini ilipotafuta mwalimu, walibaki wawili, yeye na Gidion wa Njiro. Wakaambiwa wacheze Jumapili mchana, atakayeshinda ndiye. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala dalili yake.

Wiki ile nilimwonea huruma sana. Mchezaji mmoja wa zamani alimfundisha avute pumzi, autazame mpira tu, asahau watu. Basi akawa anavuta pumzi hata mezani mpaka chai inapoa. Nikamtania kwamba atatumalizia hewa. Hakucheka. Aliomba kitu kimoja tu, asije mtu kumtazama.

Sasa Mama. Jumapili yenyewe, wakati wa matangazo kanisani, alisimama akaomba mikono ya mwanawe iombewe. Kwetu ukisema hivyo huachwi peke yako. Ibada ilipokwisha, kikundi kizima cha kina mama wa maombi kikaongozana naye mpaka klabu, na sare zao. Nilijaribu kuwazuia. Nani ananisikiliza mimi?

Tulimkuta shimo la mwisho. Gidion alishamaliza. Nathanaeli akiingiza mpira ule, ameshinda. Akikosa mara moja, watalingana; mara mbili, basi tena. Ulikuwa karibu, kama ule wa nyuma ya nyumba yetu. Kuinua macho, akatuona. Alikauka pale pale. Mama, kwa upendo kabisa, akasema, "Tufumbe macho, tuombe." Wakafumba wote. Mimi sikufumba. Nilimwona akivuta pumzi, na mikono ikitetemeka vile vile. Mpira ukapita. Akausukuma kurudi shimoni, ukapita tena. Akauokota, akaenda kumpa Gidion mkono.

"Amina," Mama akasema, akafumbua macho. Mpira hauonekani, mwanawe anapeana mikono na watu. Akapiga vigelegele, wenzake wakadakia wimbo wa shukrani. Wakamzunguka kaka, wanamkumbatia mmoja mmoja, naye kasimama tu. Akanitazama, nikajua kazi ya kuwaambia kaniachia mimi. Nikapenya katikati yao, nikamshika Mama mkono, nikamwambia taratibu, "Mama, wanyamazishe. Amekosa."