Mke wa Mwana Asiyezaliwa

Asubuhi ya kuzikwa kwa Sajenti Nzembi, Mbula hakukaa. Alipanga viti, akavipangua. Akaenda kuchungulia sufuria za wapishi, ambazo hakuna aliyemtuma kuzichungulia. Akaingia ndani, akasahau alichofuata, akatoka. Wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, walimwambia apumzike hata kidogo. Aliitikia vizuri, akaendelea kuzunguka.

Kilichomkosesha raha kilikuwa karatasi. Bartholomew, mzee wa kanisa na mpwa wa marehemu mume wa Nzembi, alikuwa amechapisha nakala mia mbili za wasifu huko Machakos mjini. Moja ilimfikia Mbula jana yake. Mstari wa mwisho ulisema hivi: marehemu hakujaliwa watoto, ameacha shemeji, wapwa, na msaidizi wake wa nyumbani, Mbula.

Msaidizi wa nyumbani! Baada ya miaka kumi na miwili na watoto watatu.

Lakini huwezi kuelewa ubaya wa mstari huo bila kumjua Nzembi mwenyewe. Aliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika kikosi cha wanawake, wakati watu wa kwao Wamunyu walikuwa hawajaona mwanamke ndani ya buti isipokuwa ameazima za mumewe kwenda shambani. Siku zile askari mwanamke akishika mimba alivua sare akarudi kwao, na Nzembi aliipenda sare. Akapanda hadi usajenti, kazi yake kuwafunza makuruta kwata. Alipostaafu alikuwa anakaribia miaka arobaini. Akaolewa na Musau, mchonga vinyago mpole ambaye, kwa maneno yake mwenyewe Musau, alihitaji mtu wa kupiga kelele nyumbani. Kelele alizipata. Mtoto hakuja, na mwaka wa 1991 Musau akafa.

Watu wakangoja mjane afunge virago. Hawakumjua. Mwaka uliofuata Nzembi aliswaga mbuzi watatu mpaka Kithyoko, kwa baba yake Mbula, kuoa. Ndiyo, kuoa. Ni desturi ya Wakamba tangu jadi: mwanamke asiye na mtoto humleta msichana nyumbani akahesabiwa kuwa mke wa mwana ambaye yeye hakumzaa. Huitwa iweto, na watoto atakaowazaa, na mwanamume yeyote atakayemchagua, ni wa nyumba hiyo, wajukuu halali. Mbuzi wale ni wa ntheo. Wakishachinjwa na kuliwa, mambo yamekwisha, binti ameolewa. Mzee wa ukoo aliyefuatana na Nzembi siku hiyo alikuwa Kitheka, mdogo wake Musau, ambaye hajawahi kukosa mahali penye nyama.

Mbula alikuwa na miaka ishirini, na alimwogopa Nzembi kama mvua ya mawe. Mama mkwe gani huyu, anayeamsha nyumba nzima saa kumi na moja na kukagua vitanda? Wanawake wa mwethya aliwapanga mstari mmoja kabla ya kugusa jembe, wakamcheka, kisha wakaona mitaro yao ya kuzuia udongo inakwisha kabla ya jua kuwa kali, wakaacha kucheka. Lakini Mbula alipojifungua Musau mdogo, Sajenti huyo huyo alichota maji mwenyewe miezi miwili, akamkataza mzazi hata kuinua kikombe kizito. Jioni moja, mtoto akiwa amelala mapajani mwake, alisema kwa sauti ndogo ambayo Mbula hakuwahi kuisikia tena, kwamba jeshi lilimpa cheo, na Mbula ndiye aliyempa nyumba.

Sasa Nzembi amekufa, na Kitheka anaitazama mitaro ya shamba lake na ekari tatu inazozilinda. Iweto ana haki ya shamba. Msaidizi wa nyumbani ana haki ya kufunga mzigo wake.

Mbula alikuwa amemwendea Bartholomew kulipopambazuka. Naye hakuwa mtu mbaya. Alijikuna shingo, akasema kanisa haliwezi kusoma mbele ya padri kwamba mwanamke alioa mwanamke, na kwamba neno msaidizi alipewa na mzee Kitheka. Aende basi akamuulize Kitheka. Bartholomew alijua vema kwamba hilo haliwezekani. Mke wa nyumba hamkabili baba mkwe wake, na Kitheka, kwa kuwa ndugu yake Musau, alihesabiwa hivyo. Wakikutana njiani, mke huingia kichakani ampishe. Ndiyo heshima, na Mbula alikuwa ameishika miaka yote hiyo bila kukosea hata siku moja.

Saa tano ibada ikaanza. Mbula alisimama nyuma ya turubai, akahama kulia, akahama kushoto, watoto wakimfuata. Bartholomew akasoma: kuzaliwa, shule, jeshi, ndoa. Kisha akasoma mstari ule, haraka haraka, macho chini.

Mbula akajikuta yuko mbele. Aliona aibu, lakini aibu ya kunyamaza ilikuwa kubwa zaidi.

"Mzee Kitheka," alisema, "niko na swali. Mbuzi za ntheo zilichinjwa kwa baba yangu kule Kithyoko. Wewe si ulikula?"

Kitheka aliruka kama aliyekalia siafu. Hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo mbele ya ukoo.

"Wewe huna haya?" alifoka. "Tangu lini mke wa mtoto wetu anasimama mbele ya watu kuniuliza maswali?"

Mwanamke mmoja wa mwethya akaguna, mwingine akafunika mdomo kwa kanga. Hasira zilikuwa zimemsemea Kitheka kile ambacho tamaa ilikuwa imekificha, maana hakuna mzee duniani anayedai heshima ya ukwe kwa msaidizi wa nyumbani. Yeye mwenyewe alilisikia neno lake, likiwa limekwisha toka. Akaangalia kaburi, akaangalia kofia yake.

Mgala muue na haki umpe: hakujaribu kulirudisha.

"Bartholomew," alisema, "soma tena hapo mwisho. Soma vizuri."

Bartholomew hakuwa na kalamu. Akasoma kitu ambacho hakikuandikwa: marehemu ameacha mke wa mwanawe, Mbula, na wajukuu watatu, Musau, Peris na Mulwa. Padri alikohoa, akaacha yapite. Wajukuu wakaitwa watie udongo, kisha mama yao.

Tangu karatasi ile ilipomfikia, Mbula hakuwa amelia, kwa sababu msaidizi hawezi kulia kuwashinda wenye msiba. Alimwaga udongo wake, akaushika ukingo wa kaburi, na akamlilia Nzembi kwa sauti yake yote.