Masikio ya Mama Nyawira

Ijumaa, tarehe 15 Agosti 2025. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Othaya tangu alfajiri, na manyunyu yalidondoka juu ya turubai la kibanda cha Kagure, yule mama anayeuza hereni, bangili na mikufu sokoni. Kama kawaida yake alikuwa amefunga kilemba hadi chini ya masikio.

Kwa Kagure hununui hereni tu, unaelezwa na namna ya kuzivaa. Asubuhi hiyo alikuja msichana aitwaye Anita, aliyekuwa akienda kwa wakwe mara ya kwanza. Alitaka mkufu, hereni za duara na bangili sita, vyote avae kwa mpigo.

"Chagua kimoja," Kagure akamwambia. "Mama mkwe akiongea, mkono wako usimjibu."

Anita akacheka, akarudisha bangili na mkufu. Ndivyo Kagure alivyokuwa. Pete huvuliwa ukikanda chapati. Matangani hakiendi kitu kinacholia. Na aliyetobolewa masikio hukaa na hereni ndogo kama punje ya mtama kwa wiki sita, ndipo avae za kuning'inia. Hilo la mwisho halikuwa na mjadala, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwatoboa watoto na mabibi harusi wa vilima vile kwa kibastola chake cha kutobolea.

Adhuhuri akaingia binti yake, Nyawira, karani wa kituo cha maziwa huko Mukurweini. Harusi yake ilikuwa kesho. Akaweka kisanduku mezani. Ndani mlikuwa na hereni ndefu za shaba, kila moja na shanga ya buluu mwishoni.

"Ni zako, Mama. Na kesho sitaki kuona kilemba."

"Punguza sauti."

"Kwa nini? Umewapamba maharusi wote wa hapa. Kwa harusi yangu nataka wewe pia upambike."

Phelister, muuza viatu wa kibanda cha pili, mzaliwa wa Siaya ambaye hakuna neno linalompita, akanyoosha shingo. "Si avae tu? Shida iko wapi?"

Kagure akashusha pumzi, akasogeza kilemba. Masikio yake yalikuwa mazima, bila tundu, kama siku aliyozaliwa.

"Wewe!" Phelister akapiga makofi. "Mama Nyawira! Wasichana wangu watatu umewatoboa, ati hakuna uchungu!"

"Hawakulia."

"Wangelia aje na uliwajaza peremende mdomoni?"

Kagure akajaribu kukimbilia sheria yake. "Hata nikitoboa leo, hizi ndefu ni mpaka mwisho wa Septemba. Nyawira, si unajua?"

Siri ya masikio Nyawira aliijua, na sheria ya wiki sita pia, ila katika furaha ya kununua alikuwa ameisahau. Akafunga kisanduku taratibu. "Ni sawa, Mama. Funga tu kilemba."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo Kagure alipolemewa. Akavuta kigoda ambacho wateja hukalia, akakaa, akavua kilemba chote, akampa bintiye kibastola. Nyawira alikuwa akimsaidia kazi hiyo tangu likizo za shule.

"Mkono usitetemeke."

"Anayetetemeka ni wewe, Mama."

Phelister akamshika mikono. Sikio la kwanza lilipotobolewa, Kagure alipiga ukemi uliowageuza wauza kabichi wote.

"Hakuna uchungu!" Phelister akawatangazia, akicheka hadi machozi.

"Nyamaza, nipe peremende," Kagure akasema, akageuza sikio la pili.

Vikang'aa vijidoa viwili vya dhahabu masikioni. Nyawira akavitazama, akamkumbatia mamake, kisha akagusa kisanduku. "Na hizi, nirudishe?"

"Thubutu. Niachie hapo."

Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajafika, Kagure alipangusa masikio kwa maji ya chumvi, jinsi anavyowaagiza wengine. Akachukua koleo, akabandua ndoano za hereni ndefu, akazitunga hereni zote mbili katika mkufu mmoja, akauvaa shingoni. Bangili aliziacha ndani ya sanduku. Kisha akakining'iniza kilemba nyuma ya mlango, akatoka kwenye baridi kichwa wazi, kwenda kumwamsha bibi harusi.