Ndama wa Mzee Sylvesta na Dawa Isiyonuka

Asubuhi ile nilikuta ndama wawili wamefungwa kwenye nguzo ya mlango wa ofisi ya ushirika, hapa hapa Babati mjini.

Siyo shambani. Ofisini. Penye bango, kaunta ya kioo na kalenda ukutani.

Pembeni yao amesimama Mzee Sylvesta wa Nangara, koti la kanisani mwilini, fimbo mkononi, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Josho linafunguliwa saa ngapi?"

Nikasema moyoni, masikini, umri umemfika. Kisha upepo ukageuka, harufu ikanifikia puani, nikajua mzee ana akili timamu kabisa. Wenye shida ni wengine.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Aikande, ila mtaani ni Mama Blessing. Maisha yamenipiga makofi mpaka tukazoeana. Nimeuza samaki wa ziwani, jokofu likafa. Nimefungua genge jirani na mnada, mnada ukahamishwa. Nimefungua saluni, umeme ukakatika weee, mpaka wateja wakaanza kusukana wenyewe nyumbani.

Mwisho nikauza saluni yote, viti na vioo, nikapanda basi kwenda Arusha kununua mashine ya kupulizia dawa ya kuua vijidudu maofisini.

Siyo bomba la shambani. Hii inayapa matone ya dawa chaji ya umeme yanapotoka, basi yanavutwa na chochote kilicho mbele yake. Meza, kitasa, kiti. Yanazunguka hadi nyuma na chini, kule ambako kitambaa cha usafi hakijafika tangu jengo lizinduliwe.

Dukani kulikuwa na ya waya na ya betri. Muuzaji aliisifia ya waya mpaka jasho likamtoka.

"Kaka," nikamwambia, "mimi nimetoka kwenye biashara iliyouawa na umeme. Nipe ya betri."

Na kabla sijaichukua niliijaza maji, nikaibeba mgongoni, nikazunguka nayo duka zima. Watu wakaniona chizi. Lakini mgongo ni wangu, siyo wa muuzaji.

Basi ugonjwa wa macho mekundu ukaingia mjini.

Ushirika ndio ulipigwa zaidi. Wakulima wa mbaazi wanakuja toka kila kona, wote wanaegemea kaunta ileile na kushika kalamu ileile iliyofungwa kamba. Bernadina, karani wa pale, alikuwa anahudumia watu na miwani ya jua usoni kama msanii aliyeachwa na mpenzi.

Kila ofisi niliyobisha hodi ilinipa jibu moja: "Tusubiri kwanza tuone ushirika watafanyaje."

Kwa hiyo kazi ile ndiyo ilikuwa roho yangu. Nikiipata, mji wote unafuata. Nikiikosa, mashine inakuwa pambo la chumbani na mimi narudi kupara samaki.

Mwenyekiti wa ushirika ni Mzee Pantaleo. Mtu mwema, simsemi vibaya. Ila tumbo lake likifika mahali leo, uamuzi unafika kesho yake.

Akatuita wawili tuonyeshe kazi: mimi, na Paskasi wa Bagara, kijana anayepulizia mashamba ya mbaazi ya watu. Paskasi alikuja na bomba lake lilelile la shambani, amelipaka rangi nyeusi ili lifanane na la ofisini.

Mimi nikaweka maji matupu. "Mwenyekiti, nyoosha mkono. Kiganja kinitazame."

Nikapuliza kwa mbele, kidogo tu. "Sasa gusa nyuma ya mkono."

Akagusa. Kumelowa. Akawa anaugeuza mkono huku na huku kama mtu aliyeibiwa saa.

"Mbona umepuliza huku nimelowa kule?"

"Ndiyo kazi yake hiyo, mzee. Kwanza tunafuta vumbi na mafuta ya mikono, maana dawa haifiki palipofunikwa na uchafu. Watu wote wanatoka nje. Nikishapulizia, tunaacha vitu vibaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Siyo unapuliza halafu karani anafuata nyuma na tambara."

"Na dawa yenyewe iko wapi?"

Nikamfungulia kopo. Akainusa. Akainusa tena. Uso ukamshuka.

"Mama Blessing, hii hainuki."

"Ndiyo, mzee. Imetengenezwa kwa sehemu watu wanapokaa kutwa."

"Isiyonuka inaua nini? Mimi nimefuga ng'ombe tangu kijana. Dawa ya kupe ukifungua tu kopo lake, kupe wanaandika wosia."

Wajumbe wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ilichekesha. Halafu kazi akapewa Paskasi, apulizie jioni ileile.

Nikarudi nyumbani na mashine yangu mgongoni. Dereva wa bajaji akaniuliza, "Mama Blessing, umekwenda kujaza gesi?"

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Bernadina.

"Dada, njoo ofisini. Usiniulize kitu. Njoo na barakoa."

Ndipo nikawakuta wale ndama.

Bernadina alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, machozi yanamchuruzika, miwani mkononi. Nikachungulia ndani. Kaunta bado inadondoka maji. Kompyuta imelowa. Kalenda imejikunja. Na harufu, ndugu yangu, ilikuwa ya josho la ng'ombe, ile yenyewe.

Wakulima wamejipanga ng'ambo ya barabara, wanajichekea. "Leo hupokelewi mpaka uogeshwe kwanza," mmoja akasema. Mwenzake akajibu, "Anza wewe, una kupe wengi."

Mwenyekiti akateremka kwenye gari lake, leso puani.

"Paskasi yuko wapi? Paskasi, ndiyo nini hii? Umeniwekea dawa ya ng'ombe ofisini? Utanieleza mbele ya polisi leo."

Paskasi akatazama viatu vyake. Jitu zima limenywea kama shati lililoanikwa. "Mzee, mimi..."

"Wewe nini? Umetaka kuniulia wafanyakazi."

Mimi hapo nilishaanza kufurahi kimoyomoyo. Mpinzani wangu anazama, na mimi sijamsukuma.

Mzee Sylvesta akakohoa. "Pantaleo, mwache kijana kwanza. Ndama wangu wanasubiri."

"Ndama gani tena?"

"Hawa. Si wewe jana jioni ulipita kwangu, ukaniambia dawa ya kupe imebaki kwenye bomba hapa ofisini, ikikaa inaharibika, nilete ndama asubuhi na mapema?"

Wakulima wakavuka barabara kuja kusikia.

Hata ndama waligeuza shingo.

Paskasi akainua macho. "Mama Blessing, mimi nilikuja na dawa ya ofisini, kama yako ile. Mwenyekiti akainusa, akasema haina nguvu. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na chupa. Nikamwambia mzee, siyo. Akaniuliza nani mwenye ofisi."

Tukamgeukia Mwenyekiti wote. Leso imeshuka puani, jasho limechukua zamu.

"Nilitia kidogo tu," akasema. "Ya kuleta harufu."

"Kidogo gani?" akauliza Mzee Sylvesta, anafungua kamba. "Nasikia imechanganywa na dawa ya vitasa. Mimi siogeshi ndama wangu dawa iliyoshinda makarani." Akawaswaga ndama wake, akaondoka zake bila hata kugeuka.

Mwenyekiti akanisogelea, sauti imeshuka mpaka kwenye soksi. "Mama Blessing, tunafanyaje?"

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nikayameza, nikabakiza ya kazi. Madirisha yote wazi. Karatasi zote nje. Kila kitu kioshwe kwa sabuni na maji mengi, glavu mikononi, mpaka harufu iishe. Mimi nitapulizia vikishakauka, siyo kabla.

"Na sharti moja, mzee. Nikiwa kazini, funguo za gari lako nakaa nazo mimi."

Akanipa palepale, mbele ya wakulima wake. Walipiga makofi.

Zile ofisi zilizokuwa zinasubiri kuona ushirika utafanyaje, ziliona. Sasa hivi natafutwa mimi. Na Paskasi nimemchukua. Ana hatua nzuri, haruki kona. Nimemfundisha tu kwamba meza siyo shamba la mbaazi, huimwagii mpaka idondoke maji.

Juzi Mwenyekiti kanivizia nje ya ofisi, kaangalia kushoto na kulia.

"Mama Blessing, haiwezi kutiwa hata ndimu kidogo?"

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua mashine ya kupulizia ofisini kwako, usianze kwa kunusa. Nyoosha mkono, upuliziwe maji mbele, halafu gusa nyuma.

Na akitokea mtu wa kukuambia dawa kali ni ile inayonuka, usibishane naye. Mwombe tu funguo za gari.