Valvu Nilizotupa Chooni

Nakumbuka siku moja, mwaka ule mvua ilipokosa tukala ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada, watoto wakiuona wanalia wakidhani ni dawa. Mwanangu, siku hiyo nilifanya kitu cha wivu, na kila nikimwangalia kijana wangu Kibet nakiona usoni pake. Sijawahi kukisema mbele ya watu. Nakisema sasa kwa sababu Jumamosi wageni wa posa wanarudi, na wanataka neno moja kutoka kwangu kuhusu mjukuu wangu Cherotich na baiskeli yake.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, huku juu ya Roret. Wifi yangu Chepkoech, dada mdogo wa bwanangu, alikuwa bado nyumbani. Alijifundisha baiskeli ya baba yake, ile kubwa nyeusi, mpaka magoti yakaisha ngozi. Halafu akafikiria. Sisi wote tulishindilia majani ya chai kwenye gunia, gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na tukifika kituo cha kupimia chai majani yameshika joto, yamekuwa mekundu, karani anayakataa. Yeye alisuka vikapu viwili vya mianzi, akavifunga huku na huku nyuma ya baiskeli, upepo ukapita ndani. Majani yake yalifika kama yamechumwa sasa hivi.

Alikuwa akinikuta kwenye kilima nimeinama na mzigo.

"Mke wa kaka, lete hilo gunia!"

"Pita na aibu yako," namjibu. "Msichana mzima umekaa hivyo kama mwanaume, nani atakuoa?"

"Si yule atakayenishika!" Na hayo meno yake yote nje, ameshapotea kwenye kona.

Wamama wa kanisa walinisifu kwa heshima yangu. Heshima gani? Wivu ulikuwa umenishika kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Kwa hivyo siku hiyo, Chepkoech alipoenda mtoni kuchota maji, nilichomoa valvu za magurudumu yote mawili, zile zinazoshika upepo ndani, nikazitupa chooni. Nikanawa mikono, nikaenda kusonga ugali.

Ugali haujaiva, Kibet akaanza kutetemeka. Ndiye alikuwa mtoto wangu wa kwanza, hajaanza hata kusimama. Mwili moto kama jiko, macho yamegeuka juu. Bwanangu alikuwa kazini, mbali. Nilipiga mayowe, Chepkoech akatupa mtungi akaja mbio.

"Mfunge mgongoni, kaa nyuma. Na baiskeli tunafika dispensari saa hii!"

Akaivuta baiskeli. Imekaa chini kwa rimu. Akainama akaangalia mahali pa valvu, halafu akaniangalia mimi.

Tulikimbia kwa miguu, tukipokezana mtoto, vumbi mdomoni. Tulifika jua likianza kulala. Mtoto alipona, lakini ile homa ilikuwa imekaa kichwani sana. Alipoamka hakusikia, na mpaka leo hasikii. Labda tungefika mapema ingekuwa vile vile. Hiyo labda watu wengine wanaweza kunipa. Mimi mwenyewe sijipi.

Tukirudi nyumbani nilimwambia Chepkoech kwamba ni mimi. Nilingoja kofi. Akasema, "Mke wa kaka, si ungeniambia tu unataka kupanda? Ningekufundisha."

Afadhali angenipiga.

Kibet alikua akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Waliomwita bubu leo wanapanga laini kwake. Alimtengenezea binti yake baiskeli: chuma cha katikati amekishusha ili sketi ikae vizuri, vikapu vya waya pande zote mbili, na mota ndogo ya betri ya kusaidia milima yetu hii. Cherotich anapeleka majani yetu na ya wazee ambao magoti yamekataa. Wasichana wa huku wanakuja kwake uwanjani kujifunza, wanaanguka, wanapanda tena. Juzi walinikalisha hata mimi. "Kogo, kanyaga!" wakapiga kelele, kwa sababu kogo ndiyo nyanya kwetu. Nilikanyaga, nikaingia moja kwa moja kwenye michai.

Basi Jumamosi iliyopita wageni walikuja kutoka upande wa Kedowa. Mjomba wa kijana aliongea kwa adabu, kofia magotini. "Mama, msichana tumempenda. Lakini baiskeli aiache hapa. Kwetu mke hapiti mbele ya baba mkwe akiwa amepanda. Mwambie wewe, anakusikia." Kijana mwenyewe akaangalia viatu vyake. Cherotich anampenda, nilimwona akiosha vikombe vile vile mara tatu. Kibet akaniuliza kwa mikono wamesema nini, nami nikamwonyesha.

Mwanangu, sikia. Ukiona mwenzako amepata njia ya kupunguza mzigo, usimcheke. Mwambie akufundishe, na ukijua, mfundishe mwingine. Wewe msichana, panda mchana watu wakiona. Wewe kijana, mke wako akiwa na baiskeli, mjazie upepo. Na aibu ukiitaka, itafute kwa mtu anayemzuia mwenzake, si kwa anayepanda.

Nakutemea mate ya baraka kifuani, kama wazee walivyonifanyia. Mungu alainishe barabara yako, breki zishike kwenye mteremko, na mvua ikungoje ufike.

Cherotich analia, anaogopa posa itavunjika. Nami naogopa, sidanganyi. Mjomba alipouliza nilimjibu, "Sitamwambia ashuke." Alidhani ni uzee, akasema watanipa wiki nifikirie. Nimefikiria. Jumamosi nitawaketisha vizuri, nitawapa chai na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, nao wakimaliza kunywa nitasema, "Sitamwambia ashuke."