Kosa la Kuosha Mtumbwi

Baba yangu alipotoka gerezani, watu wa kwetu Gisenyi walimpokea vizuri mno, na hapo ndipo hasira zangu zilipoanza. Walimletea viazi kutoka Nyakiriba, maharage, sabuni, hata shati jipya. Kila aliyekuja alikaa, akanywa chai, akasema Mungu ni mwema, kisha akashusha sauti na kumwambia kwamba sasa ingekuwa vizuri aombe msamaha, mambo yaishe. Walisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango unapotoka.

Baba aliwajibu wote jibu moja. "Mi niombe musamaha ya kitu gani?"

Chai iliyobaki ilinywewa haraka sana baada ya hapo.

Baba alifungwa kwa kosa la kuua mtu. Alimaliza kifungo chake chote bila kupunguziwa hata mwezi, maana kila alipoulizwa kama anajuta, alisema anajutia kitu kimoja tu, kuamini kwamba korti inasikiliza. Mimi ni binti yake na nasema hakuua. Msomaji anayetaka mwandishi asiye na upande atafute kitabu kingine, viko vingi.

Sisi tulirudi kutoka Kongo nikiwa bado mdogo. Kiswahili tulikuja nacho, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Baba naye alikuja na kazi yake, uvuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, ule wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Akaingia kwenye kundi la wavuvi wa huku, chini ya kiongozi mmoja ambaye nitamwita mzee, ingawa wakati ule hakuwa mzee bado. Baba alikuwa hodari, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko ile miti. Siku moja kiongozi wa kundi lingine alitega nyavu zake juu ya zao zikachanika, na baba akamtukana ufukoni mbele ya wachuuzi wote wa samaki. Alimwambia atamfundisha adabu. Wote walisikia.

Kesho yake asubuhi, kundi la baba likirudi, walimkuta mtu yule anaelea karibu na chemchemi ya maji ya moto. Alikuwa amekufa na kichwa kina jeraha. Wenzake waliogopa kumgusa, baba ndiye aliyemwinua na kumlaza kwenye mtumbwi wa pembeni. Walipofika nchi kavu alimfunika kwa koti lake, akatuma mtu aite polisi na mke wa marehemu. Maiti ikachukuliwa. Kisha baba akafanya jambo lililomfunga. Aliosha mtumbwi.

Yeyote aliyekulia kwenye ufuko ule anajua. Mtumbwi uliobeba maiti hauingii ziwani mpaka uoshwe. Husuguliwa kwa mchanga na majivu, ukamwagiwa maji mara kadhaa, na ni ule mmoja tu, siyo yote mitatu. Usipoosha, hakuna mvuvi atakayeweka mguu wake ndani. Hawasemi kwa nini, na ukiuliza wanaanza kuzungumzia bei ya mafuta ya taa. Mpelelezi alipokuja mchana kuuangalia ule mtumbwi, aliukuta unang'aa.

Nilikuwa mahakamani siku ya kesi, nimekaa na mama, nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Mwendesha mashtaka alisema mtu yule aliuawa jioni, kabla ya mitumbwi kuingia ziwani, akauliza swali ambalo hadi leo nalisikia: mtu asiye na hatia anaosha nini? Baba akaeleza mila ya wavuvi. Akasema waulizwe wenzake. Wakaitwa.

Hapa ndipo ninapowakasirikia watu wetu kwa namna isiyopoa. Wavuvi wale walikuwa wamebatizwa karibuni katika kanisa moja dogo, na mchungaji wao alikuwa na vita kali na mambo ya mizimu na kuogopa wafu. Alikuja mahakamani kuwatia moyo kondoo wake, akakaa mstari wa mbele na Biblia magotini. Mzee ndiye aliyesimama wa kwanza. Akaulizwa kama wavuvi wana desturi ya kuosha mtumbwi uliobeba maiti. Akamtazama hakimu, akamtazama mchungaji, akasema hapana, sisi ni Wakristo. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba hajawahi hata kusikia habari hiyo. Baba aligeuka akawatazama mmoja mmoja, na mimi sikuuona uso wake, niliona shingo tu.

Kwa hiyo alibaki peke yake na mila yake, na mila ya mtu mmoja inaitwa uongo. Alikuwa ametishia, alikuwa na maiti, na alikuwa ameosha. Hukumu haikuchukua muda.

Sijui mtu yule alikufaje. Labda aliteleza juu ya mawe. Labda kuna aliyempiga, na huyo amezeeka vizuri hapa hapa mjini, anakula brosheti, yaani mishikaki, kama sisi wengine. Hakuna aliyemtafuta, maana walikuwa tayari na baba. Ninachojua ni kwamba mtumbwi safi haukuthibitisha chochote, na watu watatu walilijua hilo wakati wanaapa.

Mama alifariki baba akiwa bado ndani. Alizikwa na watu wachache wenye haraka.

Sasa baba amerudi, na ushirika wa wavuvi ukasema hawana kinyongo naye, ila hawezi kupanda mtumbwi mpaka apatane na familia ya marehemu. Kupatana maana yake asimame mbele ya watu, akiri, aombe msamaha. Mkutano uliandaliwa na kiongozi wa mtaa, mtu mwema aliyenyooka, na mzee naye, ambaye sasa ni mzee wa kanisa kweli kweli, akakubali kuuombea. Kila mtu alikuwa amejitolea kumsaidia baba kuwa muuaji.

Asubuhi baba alikuwa anashuka ufukoni, anasimama kando ya watu wanaopakua, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Walimsalimia, wakampisha, wakaendelea. Aliporudi alikaa uani na wavu wa zamani wa mama wa kuanikia sambaza, anaushona mahali ambapo haujachanika. Nilimwona siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, papa, ni maneno mawili tu, yaseme urudi ziwani.

Hakukasirika. Aliendelea kushona. "Nikisema, donc, basi mama yako alikufa bibi ya muuaji kweli. Sasa yeye hana bwana muuaji. Iko na bwana alifungwa bure. We unataka nimubadilishie?"

Sikumwambia tena.

Jumamosi moja, kabla ya mkutano, nilishuka kununua sambaza. Siku za kazi huwa sipati nafasi, napanda moto, pikipiki ya abiria, asubuhi kwenda ofisini Rugerero na kurudi nimechoka. Nilikuta watu wamejaa ufukoni. Kuna mtu alikuwa amezama tangu juzi, mgeni, na wavuvi walikuwa wamemleta. Polisi walikuwepo, gari likaja, maiti ikaondoka. Watu wakaanza kutawanyika. Mimi nikabaki kwa sababu wavuvi walikuwa hawajaondoka.

Walifungua miti, wakautenga mtumbwi mmoja. Mmoja wao akaja na majivu katika mfuko wa saruji. Wakachota mchanga, wakaanza kusugua. Ile mitumbwi miwili mingine waliiacha na magamba yake. Na juu ya jiwe, mikono nyuma, akisimamia kazi kama fundi anayesimamia wapaka rangi, alikuwa mzee.

Polisi mmoja alikuwa bado yupo, anaandika kwenye simu yake. Walipohitaji kuupindua mtumbwi, alitia simu mfukoni akawasaidia.

Nikasogea hadi kwa mzee nikamsalimia kwa heshima, kwa sababu nimelelewa.

"Shikamoo papa. Munafanya nini?"

"Tunasafisha, mutoto yangu."

"Mbona moja tu?"

Akanitazama vizuri, ndipo akanitambua. Aliangalia wale vijana wake, kisha akanishika kiwiko tukasogea pembeni.

"Mi najua wewe ni nani," akasema. "Sikiliza. Ile siku pastor alikuwa anakaa pale mbele. Tulikuwa tumetoka kubatizwa. Tungesema nini? Kwamba tuko tunaogopa mutu amekufa?"

"Mungesema ukweli."

"Bon. Sisi tulifikiri korti itaona yenyewe. Tulifikiri iko na vitu vingine. Mutu hafungwi juu ya kuosha mutumbwi." Akafuta jasho. "Kisha akafungwa. Sasa kurudi kusema tulidanganya, wote watatu? Ariko, lakini we umesoma, unajua kudanganya korti iko na kifungo yake."

Nikamwambia kwamba yule aliyekitumikia hicho kifungo yuko nyumbani, anashona wavu mzima. Akaniomba mambo yaende kwa amani. Akasema baba akishaomba msamaha, yeye mwenyewe atamchukua kwenye kundi lake, atampa nafasi nzuri. Aliniahidi hivyo kwa moyo wote, na hilo lilinichoma kuliko yote, kwamba alijiona anatufanyia wema. Nilirudi nyumbani bila sambaza.

Baba nilimweleza jioni ile. Alisikiliza, akauliza kama walitumia majivu ya kuni au ya makaa. Nikasema sijui. Akasema ya kuni ndiyo mazuri, kisha akaingia ndani, akakaa muda mrefu bila kuwasha taa. Alipotoka akasema ataenda kwenye mkutano.

Ulifanyika uani kwa kiongozi wa mtaa, Jumapili baada ya ibada. Viti vya plastiki, Fanta, sambusa zimefunikwa kitambaa. Mjane wa marehemu alikaa mbele na watoto wake wakubwa, mwanamke mnene, mtulivu, ambaye miaka yote hii nilikuwa nahama njia nikimwona sokoni. Ilizungumzwa kwa Kinyarwanda. Kiongozi alisema maneno mazuri kuhusu ujirani, kisha akamkaribisha baba.

Baba akasimama, na alipofungua mdomo akahamia Kiswahili. Hasira zake zote ziko kwa Kiswahili.

"Mama," alimwambia mjane, "pole kwa bwana yako. Sijakupa pole siku zote hizi, juu ningesema pole, batu wangesema nimekubali. Mi njo nilimutoa kwa maji. Nilimufunika na koti yangu. Pole sana. Na sikumuua."

Akakaa.

Nikasikia chupa zikigongana kwenye kreti. Mtu mmoja nyuma akaguna. Kiongozi alianza kusema kwamba labda baba hakuelewa madhumuni, na hapo nikasimama mimi. Nilisema nimeuona mtumbwi ukioshwa kwa mchanga na majivu, mchana kweupe, polisi akisaidia, na hakuna aliyekamatwa, na hapakuwa na sababu ya kumkamata mtu. Nikasema namwomba mzee wa kanisa atuambie alijibu nini mahakamani.

Mzee alikuwa ameshasimama. Aliinua mikono yote miwili. "Ndugu zangu," akasema, "tufunge macho, tuombe."

Watu wakafunga macho. Kwetu ukiambiwa tuombe, unafumba kwanza, mengine baadaye. Viongozi, majirani, watoto wa marehemu, wote wakainamisha vichwa. Baba hakuinama. Mimi sikuinama. Nikaona kwamba mjane pia hakuinama. Alikuwa anamtazama mzee.

"Papa," akasema, na hakupaza sauti. "Maombi itangoja. Mujibu mutoto kwanza."

Macho yakafunguka. Mikono ya mzee ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka yenyewe.

"Bwana yangu mi nilimuzika," mjane akaendelea. "Nikaambiwa, aliyemuua ni huyu, usitafute tena. Sikutafuta. Sasa nauliza. Mutumbwi munaosha ao hamuoshi?"

Mzee alisema kitu ambacho wa mbele peke yao walikisikia. Kutoka nyuma mtu akaomba arudie.

"Tunaosha," akasema. "Tulikuwa tunaosha. Tangu zamani kabisa rwose tunaosha. Nilidanganya."

Akakaa chini, kiti kikalia. Mmoja wa wale mashahidi wengine wawili alikuwepo, karibu na lango, na alikuwa anatazama viatu vyake. Mjane alifunika uso kwa kitenge. Baba aliangalia mbele tu, mikono magotini, namna alivyokaa mahakamani.

Kiongozi wa mtaa alibaki amesimama katikati ya ua. Sehemu ya kuomba msamaha ilikuwa bado haijafanyika, na sasa hakujua amwite nani.