Kurasa Nne za Mwalimu

Maktaba yetu ya chuo haina kila kitu, kwa hiyo tunaazima vitabu kwenye maktaba za vyuo vingine. Kazi hiyo ni yangu. Vitabu huja kwa basi kutoka Mwanza au Dodoma, navifuata stendi ya Bunda, narudi navyo Butiama nimevipakata. Anayeazima ni maktaba, si msomaji. Kitabu kikiharibika, jina linalochafuka ni letu. Ndiyo maana, kabla ya kumkabidhi msomaji, tunakaa naye mezani tunahesabu kurasa pamoja, naye anasaini karatasi ya kuhesabia.

Siku moja alikuja mwalimu wangu wa sekondari kutoka Musoma, ambaye alikuwa anasoma shahada ya pili uzeeni. Alitaka kitabu cha zamani kuhusu uvuvi wa ziwa letu. Kilipofika, niliona haya kumhesabia kurasa mtu aliyenishika mkono hadi nikafika chuo. Nikampa hivyo hivyo. Heshima iliniponza.

Kitabu kilirudi Mwanza bila kurasa nne zenye ramani. Zilikatwa kwa wembe. Wenyewe wakatuandikia barua kali, wakatufungia kuazima muhula mzima. Mkuu wa maktaba akatuita wote wawili. Mwalimu hakutikisika.

"Mimi nilikipokea hivyo hivyo," alisema. "Huyu mtoto nilimfundisha mimi. Alikuwaga mzembe tangu darasani."

Karatasi ya kuhesabia ilikuwa tupu. Nikapewa barua ya onyo, cheo nilichokuwa nakingoja akapewa mwingine, nikapelekwa stoo kupanga magazeti yenye mavi ya panya. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Kanisani wanasema samehe saba mara sabini. Mimi sikufika hata mara moja.

Muhula uliofuata nilirudishwa mezani kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua kazi ile. Mwalimu naye akaja na fomu mpya. Msimamizi wake alikuwa amemwambia wazi kwamba bila kitabu fulani kilichoko Dodoma tasnifu yake haitapokelewa, na muda wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita.

Nilikiagiza sawasawa. Kilipofika, nikakifungia kwenye droo yangu.

Kila wiki alikuja kuuliza kama kimefika, na kila wiki nilimjibu, "Bado, Mwalimu." Akishaondoka nilikitoa, nikakisoma mwenyewe huku natafuna karanga. Siku ya kukirudisha nilikipandisha basi kule Bunda.

Mwezi wa sita ukapita, chuo kikamfuta. Alikuja kuniaga akiwa amekonda, na sato wawili wamefungwa kwenye gazeti.

"Umenihangaikia sana, mwanangu," alisema. "Zile kurasa nilikata mimi. Nilikukosea, na wewe hukuweka moyoni."

Nilimshukuru kwa samaki. Jioni nikawakaanga, nikawala wote wawili peke yangu, hadi vichwa.